Umeme Ulifika Nairobi Kwanza

Chukua ramani ya Afrika Mashariki na rula, upime mstari ulionyooka kutoka Jinja hadi Arua. Utapata kilomita 380 hivi. Geuza rula uelekee Nairobi na utapata kama kilomita 440. Bwawa la Owen Falls, pale Jinja, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, na kufikia mwaka 1958 umeme wake ulikuwa umeshavuka mpaka na kuwasha taa za Nairobi. Arua iliunganishwa na gridi ya taifa lake yenyewe baada ya mwaka 2020. Mji ulio karibu zaidi na bwawa, ndani ya nchi iliyolijenga, ulingoja kwa zaidi ya miaka 60 baada ya mji wa nchi jirani. Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni matatu: umbali, umaskini na vita. La kwanza limeshajibiwa na rula, na haya mengine nitayarudia kwa sababu yana uzito wake. Ninachodai hapa ni kwamba giza la West Nile, eneo lenye mji wa Arua, lilipangwa mezani pa watunga sheria, na kwamba tangu mwaka 1947 sheria za nishati za Uganda zimekuwa zikiuliza swali moja kabla ya mengine yote: nani atanunua? Swali la nani anahitaji lilikuja baadaye sana, na hata lilipokuja lilipewa kiti cha nyuma.

Hatuwezi kuielewa sheria ya umeme ya eneo hili bila kukumbuka namna eneo lenyewe lilivyoingia Uganda. Nchi iliyo magharibi ya Naili ya Albert ilikuwa sehemu ya Lado, ardhi aliyokodishwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Alipofariki mwishoni mwa mwaka 1909, Wabelgiji wakaondoka, Sudan ikaichukua, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, akaweka makao yake Arua. Serikali ya kikoloni haikuona hapo pamba ya Buganda wala kiwanda cha kujenga. Iliona vijana. Kwa miongo kadhaa West Nile ilikuwa hazina ya nguvu kazi: wanaume waliandikishwa kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, na wengine kuvaa sare za jeshi la kikoloni, King's African Rifles. Kakira iko pua na mdomo na Jinja. Walugbara, Waalur na Wakakwa wengi wa West Nile, basi, waliijua Jinja kabla bwawa halijawekwa jiwe la kwanza, na mikono yao ilikuwa ikizalisha mali kandokando ya maporomoko ambayo umeme wake haungefika kwao. Kwa mpangaji wa serikali ya kikoloni kule Entebbe, West Nile ilikuwa mahali pa kutoa watu, na mahali pa kutoa watu hapajengwi mtambo.

Naili nayo ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo haikuandikwa Uganda. Kwa makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri, hapakuwa na kazi ya umwagiliaji wala ya umeme iliyoruhusiwa kwenye Naili, vijito vyake au maziwa yake katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, kama ingepunguza maji ya Misri au kuchelewesha kufika kwake, bila Misri kukubali kwanza. Hii ndiyo sheria ya kwanza ya kuamua mtambo ukae wapi katika historia ya Uganda, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Uingereza ilipotaka kujenga Owen Falls ililazimika kubadilishana barua na Misri mwaka 1949: bwawa lingeruhusiwa, Ziwa Victoria lingetumika pia kama ghala la maji, na mhandisi wa Misri angekaa Jinja kuangalia maji yanayoachiwa. Huku West Nile, wahandisi wa Misri walikuwa na ndoto kubwa zaidi. Mpango wao wa kuhifadhi maji ya karne nzima, ulioandikwa mwaka 1946 na Hurst, Black na Simaika, uliliona Ziwa Albert kuwa ghala la pili, likizibwa kwa bwawa kwenye Naili ya Albert. Mafuriko yangemeza nchi ya watu wa kando ya ziwa, na serikali ya Uganda ikapinga. Bwawa halikujengwa. Lakini angalia jinsi mto uliolipa eneo hili jina lake ulivyokuwa ukijadiliwa: Cairo iliuona kama tangi, Entebbe ikauona kama kero ya kidiplomasia, na hakuna upande uliouona kama chanzo cha nguvu kwa watu waliokuwa wakichota maji yake. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba Naili ya Albert, kutoka ziwani hadi Nimule, ni mto mvivu usio na maporomoko ya maana. Umeme wa West Nile usingetoka hapo kwa urahisi. Ungetoka milimani, upande wa Zombo na mpaka wa Kongo, na huko Misri isingekuwa na sababu kubwa ya kulalamika.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Gavana John Hathorn Hall aliamini kwamba Uganda ingeweza kuwa nchi ya viwanda kwa nguvu za maji. Mhandisi Charles Westlake aliletwa kuchunguza, akapendekeza bwawa moja kubwa Jinja na shirika moja la umma la kulisimamia. Sheria ya Umeme ya 1947 ilifuata, na mwaka 1948 likazaliwa Shirika la Umeme Uganda, UEB, Westlake mwenyewe akiwa mwenyekiti. Sheria ile ilikusanya mambo yote mkononi mwa chombo kimoja: kuzalisha, kusafirisha, kuuza, na kuamua nyaya zielekee wapi. Shirika lilipaswa kujilipia. Lilikuwa na mpango wa megawati 150 za kutafutia wateja, na wateja walihitajika haraka kuliko nchi ilivyoweza kuwazaa. Ndiyo maana nyaya zilikwenda Kampala, zikaenda Tororo kwenye kiwanda cha saruji, zikalisha kiwanda cha nguo cha Nyanza na tanuri la kuyeyushia shaba ya Kilembe pale pale Jinja. Umeme ulipozidi, ukauzwa Kenya. Hakuna mtu aliyekaa chini akasema West Nile inyimwe. Hapakuwa na haja ya kusema hivyo, kwa kuwa ndani ya hesabu ya sheria ile wilaya yenye wakulima wa tumbaku na familia za askari haikuonekana kabisa.

Msomaji mwenye busara atauliza: je, hilo ni kosa? Bwawa jipya lina deni, deni linalipwa kwa mauzo, na Nairobi ilikuwa na wanunuzi ambao Arua haikuwa nao. Hoja hii ni nzito, nami siikatai kama hoja ya mwaka 1958. Naikataa kama hoja ya miaka 60. Uwezo wa kununua haukai mahali pamoja kama mlima, unafuata nyaya. Tororo haikuwa mji wa viwanda ambao umeme ulikwenda kuutumikia. Saruji na umeme vilipangwa pamoja, kimoja kikisubiri kingine. Tena serikali hiyo hiyo ilijua kubeba hasara kwa ajili ya kaskazini ilipotaka. Reli ilijengwa kupita Gulu hadi Pakwach, ikafika mwaka 1964, na daraja likajengwa juu ya Naili, bila mtu kudai kwamba abiria wa Nebbi wangelipa gharama yote ya chuma. Reli ilitazamwa kama njia ya kuifungua nchi. Umeme ulitazamwa kama bidhaa ya dukani, na tofauti hiyo iliandikwa ndani ya sheria ya UEB. Arua ilipewa jenereta za dizeli zilizonguruma saa chache jioni kwa ajili ya ofisi, hospitali na mtaa wa maduka. Koboko, karibu kilomita 55 kaskazini, ilibaki na taa za kandili na jenereta za watu binafsi.

Wapo watakaosema kwamba vita ndivyo vilivyozuia. Ni kweli kwamba baada ya Oktoba 1980 West Nile ilichomwa na kukimbiwa. Watu kwa maelfu mengi walivuka kwenda Sudan na Zaire, na barabara ya Karuma hadi Pakwach ilikuwa ya kuogopwa hadi miaka ya 2000. Hakuna kampuni ingesimika nguzo katika hali hiyo. Lakini kati ya ufunguzi wa Owen Falls na kuanguka kwa Idi Amin mna miaka 25, na katika miaka hiyo West Nile ilikuwa na utulivu kuliko sehemu nyingi za nchi. Amin, ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa Koboko, alitawala miaka minane. Ikiwa madaraka ya mtu wa nyumbani yangetosha kuleta umeme, Koboko ingewaka mwaka 1972. Haikuwaka. Mtu mmoja anaweza kuamuru kiwanja kijengwe au kambi ihamishwe, ila njia ya umeme ya mamia ya kilomita inataka mpango, fedha za miaka mingi na wahandisi, na Amin aliyavuruga yote matatu. Vita vilirefusha giza. Giza lenyewe lilikuwa limeshapangwa kabla ya risasi ya kwanza.

Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 ilikuja kuvunja kila kitu ambacho ile ya 1947 ilikuwa imekijenga. UEB iligawanywa mwaka 2001 kuwa mashirika matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. Mamlaka ya kudhibiti, ERA, ikaundwa kutoa leseni na kupanga bei. Wakati huo wa kubinafsisha, jambo moja katika sheria hiyo lilikuwa jipya kweli: sehemu nzima ya umeme wa vijijini, inayoitaka serikali kuusaidia, kuanzisha mfuko wake, na kumtaka waziri aandae mpango na kulipelekea Bunge taarifa kila mwaka. Kwa mara ya kwanza neno la kuhitaji liliandikwa katika kitabu cha sheria. Kwa hiyo ni halali kuuliza limezaa nini, na West Nile ndiyo mahali pazuri pa kuuliza, kwa maana ilichukuliwa kuwa shamba la majaribio. Mwaka 2003 kampuni ya West Nile Rural Electrification, WENRECo, iliyokuwa chini ya mtandao wa Aga Khan, ilipewa mkataba wa miaka 20 wa kuzalisha na kusambaza umeme kwa eneo zima, kwa ruzuku ya serikali na wafadhili. Ilianza na mashine ya megawati moja na nusu ya mafuta mazito pale Arua. Kwa miaka tisa taa ya mjini ilitegemea lori la mafuta lililopanda kutoka Kampala. Lori likichelewa, mji ulilala gizani.

Mtambo wa pili ulikusudiwa kumaliza shida hiyo. Mto Nyagak, huko Zombo karibu na Paidha, una maporomoko yanayotosha megawati 3.5, na ujenzi ulianza mwaka 2006. Mkandarasi akashindwa, kazi ikasimama, ikaanza tena kwa msaada wa benki ya maendeleo ya Ujerumani, na maji yakageuza mashine mwaka 2012. Mwaka huo huo bwawa la Bujagali, lenye wenye hisa wa mtandao uleule wa Aga Khan, lilikamilika Jinja likiwa na megawati 250. Linganisha namba hizo mbili utaona sheria ya 1999 ilivyofanya kazi: mwekezaji alifuata dhamana ya ununuzi, na dhamana iliandikwa kwa ajili ya Naili ya Jinja. West Nile ilibaki kisiwa. Katika lugha ya wahandisi kisiwa ni eneo lenye umeme wake peke yake, bila waya wa kuliunganisha na wengine, hivyo kiangazi maji ya Nyagak yalipopungua hapakuwa na jirani wa kukopa kwake. Mradi huo wa West Nile ulisajiliwa hata chini ya Itifaki ya Kyoto ili kuuza upunguzaji wa hewa ya ukaa. Ni jambo la kutafakari kwamba eneo lililochafua hewa kidogo kuliko karibu yote duniani liliombwa liuze usafi wake ili lipate taa. Wakazi wa Arua waliandamana zaidi ya mara moja dhidi ya mgao wa umeme, na hasira yao mara nyingi ilielekezwa kwa kampuni. Kwa maoni yangu walilenga chini sana. Kampuni ilikuwa ikitimiza leseni ndogo iliyopewa. Aliyeamua kwamba watu zaidi ya milioni mbili watosheke na kisiwa ni yule aliyepanga.

Kuna upande mwingine wa sheria za mahali pa mitambo ambao husahauliwa na wanaohesabu megawati tu. Ardhi ya West Nile kwa sehemu kubwa iko chini ya umiliki wa kimila. Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi, na inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya kuichukua. Hata hivyo Sheria ya Kutwaa Ardhi ya mwaka 1965 iliruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye, na iliendelea kutumika kwa miaka 20 baada ya Katiba. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Irumba na mwenzake dhidi ya mamlaka ya barabara, ilikitupa nje kifungu hicho. Kesi ilihusu barabara, lakini njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Kole kupitia Gulu na Nebbi hadi Arua, yenye karibu kilomita 300 na iliyogharimiwa na Benki ya Dunia, ilipita mashamba ya watu wasio na hati ila wana makaburi ya babu zao. Maafisa walilalamika kwamba fidia inachelewesha maendeleo. Malalamiko hayo hayanishawishi. Ucheleweshaji wa miezi kwa sababu ya mwenye shamba ni mdogo mno ukiuweka kando ya ucheleweshaji wa miaka 60 kwa sababu ya mpangaji.

Gridi sasa imefika, na Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa Septemba 2024. Je, kesi imefungwa? Ingefungwa kama nishati ingekuwa taa peke yake. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za nishati inayotumika Uganda ni kuni na makaa, na sheria ya umeme haijawahi kuigusa sehemu hiyo. Katika West Nile historia ya kuni ina kurasa zake: tumbaku iliyoenezwa tangu enzi ya ukoloni, na ikakaushwa kwa moto ndani ya mabanda, ilikula miti ya asili ya Maracha, Terego na Koboko, na kalitusi zilizopandwa badala yake ziliingia mle mle kwenye mabanda. Kisha wakaja wakimbizi wa Sudan Kusini. Bidibidi ilianza Agosti 2016 na kuwa moja ya makazi makubwa ya wakimbizi duniani; Rhino Camp na Imvepi zikajaa; Lobule ya Koboko inawapokea Wakongo. Kila jiko lililoongezeka lilikuwa la mafiga matatu. Jibu la dola kwa jambo hili limekuwa katazo: Amri ya Rais Namba 3 ya mwaka 2023 ilipiga marufuku makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Nakubali kwamba misitu ilikuwa ikiteketea kwa ajili ya majiko ya Kampala. Lakini uhifadhi unaoanza kwa kumkamata mchoma makaa bila kumpa mpishi moto mwingine ni nusu ya sheria.

Wapo wanaojibu kwamba moto mwingine upo tayari, maana tangu mwaka 2022 ERA imeweka bei nafuu ya kupikia kwa wateja wa majumbani. Soma namna ilivyowekwa. Nafuu ilianzia uniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi. Maana yake, kabla hujauziwa umeme rahisi wa kupikia ulipaswa kwanza kununua uniti 80, nyingi kati yake kwa bei ghali. Nyumba ya kawaida ya Koboko yenye balbu tatu, redio na simu za kuchaji haifiki hapo. Bei ile ilimlenga mtu ambaye tayari ana friji. Swali la mwaka 1947 limerudi likiwa limevaa suti mpya: nani atanunua? Marekebisho ya sheria ya mwaka huo huo wa 2022 yalishughulika sana na adhabu za wizi wa umeme na uharibifu wa nyaya, jambo la lazima kwa kampuni, ila mpango wa jiko haukuwemo.

Kifungu kinachomtaka waziri apeleke Bungeni taarifa ya kila mwaka ya umeme wa vijijini bado kipo. Msomaji wa Arua au Koboko ana haki ya kumwuliza mbunge wake nakala yake. Akiipata, asianze na ukurasa wa nguzo na kilomita za waya. Atafute mahali panapotaja idadi ya nyumba zinazopikia umeme katika wilaya yake, na kama mahali hapo hapapo, amwandikie mbunge kwamba hapapo.